Kanze Wawili wa Mzee Masha

Kibarani, Kilifi
9 Juni 2025

Kwa dada yangu na somo yangu, Kanze,

Nakusalimu kwa moyo wote, na kwa mama yako, Mama Pola, nasema shikamoo mara mbili, moja yangu na moja ya mama yangu Zipporah, ambaye magoti hayamruhusu kuja Magarini msimu huu. Hali yako je? Kidonda cha mguu kimefunga, au bado kinatoa maji? Na watoto wako wanne, hawajambo? Nimesikia mvua imewajia vizuri na mahindi yamesimama. Sisi huku tu wazima, ila mimi nimechoka. Uchovu huu nalala nao na kuamka nao.

Utashangaa kupata barua na hali simu tunazo. Nimekupigia mara tatu tangu mwezi uliopita, na kila mara niliishia kuuliza habari za mbuzi. Ukaniambia yule mwekundu kazaa mapacha, nikafurahi, nikakata. Kwenye karatasi sina mbuzi wa kujifichia.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nami nikakujibu kwa mzaha kwamba kazi yangu ni kukodolea kompyuta macho. Leo nikueleze, maana bila hilo hutaelewa yaliyobaki. Mlangoni kwangu wameandika Msanifu wa Data. Ofisi yetu ya Daftari Moja ni ya serikali, na kazi yake ni kuunganisha orodha za wagonjwa wa zahanati zote ziwe orodha moja, ili mtu wa Magarini akiugulia Mtwapa, daktari azikute habari zake huko huko. Mimi sitibu mtu wala sitengenezi kompyuta. Mimi ni kama yule anayechora nyumba kabla mwashi hajashika mwiko: naamua kila habari ikae chumba gani, nani afungue mlango gani, na kwa alama zipi tutajua kwamba huyu ni huyu wala si mwingine.

Yaonekana ni kazi ya kukaa kitini. Dada, imenimaliza. Miaka miwili nimezunguka zahanati thelathini na nane. Moja inaandika kijiji, nyingine inaandika jina la chifu. Wazee karibu wote wamezaliwa tarehe mosi Januari, na mmoja aliyezaliwa mwaka wa njaa ameandikwa hivyo hivyo, mwaka wa njaa. Umeme ukikatika, jenereta lina mafuta, lakini ufunguo anao mtu aliyekwenda semina Nairobi. Na wakubwa wanataka takwimu kufikia Ijumaa.

Kilichowauma wakubwa zaidi ni wagonjwa hewa. Walisema dawa zinaisha kwa sababu mtu mmoja ameandikwa mara mbili na anachukua mara mbili. Novemba tukakaa kikao cha kutunga kanuni ya kuwaondoa. Kikao hicho nitakirudia. Bado sijapata nguvu. Kanuni yenyewe ilikuwa hivi: wakipatikana wawili wenye jina moja, baba mmoja, kijiji kimoja cha asili na mwaka mmoja wa kuzaliwa, mashine iwahesabu kuwa mtu mmoja, iunganishe mafaili yao, na mgonjwa awe wa zahanati alikotibiwa mwisho. Ikaanza kazi Januari. Majina elfu mbili na mia tatu yaliondoka kwa siku moja, tukapigiwa makofi.

Februari ukaenda zahanati kuchukua sindano zako za sukari. Ulinieleza mwenyewe, Aprili, nilipokuja kukuona Malindi ulipolazwa. Ulisema Cliff, karani wa pale, alikutafuta kwenye mashine akakwambia umehamia Kilifi na dawa zako ziko huko. Ukamwambia hujahamia popote. Akasema yeye hana uwezo wa kubishana na mashine. Machi ukaambiwa hayo hayo, na mara ya tatu uligeukia mlangoni, kwa kuwa watu kwenye foleni walikuwa wameanza kunong'ona kwamba unataka kuchukua mara mbili. Ule mkwaruzo wa jembe mguuni ukawa kidonda, na kidonda kikala vidole viwili. Nilikaa kando ya kitanda nikikumenyea machungwa. Nikasema makarani ni wavivu, na huyo Cliff nitamshughulikia. Mama Pola akanishika mkono, akasema ni heri nyumba kuwa na mtoto wa ofisini. Maneno hayo nayasikia hadi leo.

Naapa siku ile sikuwa nimejua. Nilijua wiki mbili baadaye, nilipokwenda kliniki hapa Kilifi kwa ajili ya mgongo. Muuguzi wa pale anaitwa Cherop, mtu wa bara, mkali lakini ana huruma. Alifungua faili langu akaanza kunigombeza: kwa nini nimeacha sindano miezi mitatu, nataka kujiua? Nikamwambia mimi sina sukari. Akauliza kidonda cha mguu kinaendeleaje. Nikavua kiatu nikamwonyesha. Akaigeuza kompyuta nisome mwenyewe. Nikasoma kwamba nimezaa mara nne, wa tatu kwa kupasuliwa, mimi mwenye mtoto mmoja. Nikasoma kwamba huu ni mwaka wangu wa saba na sukari. Juu kabisa pameandikwa Kanze Masha. Maisha yako yote yalikuwa yamemiminwa ndani ya faili langu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyetibiwa mwisho, mwisho wa Desemba, kwa homa ya siku mbili, ni wewe uliyeondolewa.

Nilirudi ofisini, nikafunga mlango, nikakaa tu. Wenzangu walidhani ni mgongo.

Sasa nikirudie kile kikao. Mkubwa wetu, Bwana Njoroge, ametoka Murang'a, na si mjinga. Kadi za zamani zilikuwa na nafasi ya jina la mama, na mimi nilikuwa nimeiondoa kwenye mchoro wangu ili makarani wasichelewe. Akauliza kama kweli hatutaihitaji. Kisha akanigeukia mbele ya wote, akasema mimi ni wa huku, niwaambie, yawezekana mwanamume mmoja kuwa na mabinti wawili wote hai, wenye jina moja? Mmoja mezani akasema labda baba akisahau. Wakacheka.

Jibu nilikuwa nalo, dada. Nilipaswa kusema kwamba kwetu kila mke ana nyumba yake, na binti wa kwanza wa kila nyumba hupewa jina la mama mzaa baba, kwa hiyo ndiyo, wako wengi, na mimi ni mmoja wao. Ningeweza hata kuwapa kisa cha Mwalimu Kyalo, aliyekuja kwetu kutoka Ukambani bila kujua mila zetu. Alidhani baba ameandikisha mtoto mmoja mara mbili. Alituita tusimame mbele ya darasa, akatutazama, akaandika Kanze wa Kwanza na Kanze wa Pili, mambo yakaisha. Lakini kuyasema hayo kungenilazimu niseme kwamba mama yangu ni mke wa pili. Tangu chuo najiandika K. Masha, na pale kazini wanajua mimi ni binti wa pekee wa baba yangu, kwa kuwa ndivyo nilivyowaambia. Niliona haya. Nikasema hapana, haiwezekani, hayo ni makosa ya makarani. Njoroge akaandika, ikawa kanuni.

Kwa hiyo usimlaumu Cliff, wala usiilaumu mashine. Niliulizwa kama upo, nami nikasema hupo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilimficha ndugu, na ni yeye aliyekatwa vidole.

Nafasi ya jina la mama nimeirudisha. Wiki tatu sasa nawatenganisha watu mmoja mmoja, kwa simu na kwa zile kadi kuukuu zilizotupwa stoo. Hadi jana nimewapata mia sita na kumi na wawili waliokuwa watu kweli. Wanne wameshafariki. Sijui kama ni kwa ajili yangu, na nadhani sitajua kamwe. Ijumaa nilimpa Njoroge ripoti, na kikao cha Novemba nimekiandika kama kilivyokuwa. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamweleza habari ya mama. Hakufoka. Alisema tu kwamba ingekuwa afadhali kama ningekuwa sijui. Alhamisi naitwa mbele ya kamati, na huenda nikaja Magarini na begi langu kabla ya mavuno, kama mtanipokea.

Faili lako ndilo la kwanza nililolitenganisha. Sindano zako ziko zahanati, ndani ya friji, zimeandikwa jina lako, lakini hazitatolewa mpaka ufike mwenyewe ujieleze. Cliff atakuuliza swali moja tu, jina la mama. Mwambie Pola. Nakusihi uende, hata kama umenikasirikia kiasi gani. Hasira yako nitaingoja, lakini mguu wako haungoji.

Msamaha siuombi hapa. Nitakuja kuuomba nimekaa chini, mbele yako na mbele ya Mama Pola. Msomee barua hii yote, na pale aliponishika mkono akanisifu usiparuke. Watoto wape salamu zangu mmoja mmoja kwa majina yao. Mama yangu anakusalimu sana. Naye nimemweleza, na tangu Ijumaa ananijibu kwa kichwa tu.

Siku ile ya Mwalimu Kyalo nililia njia nzima kwa kuitwa wa Pili. Ukaniambia ninyamaze, nichukue jina la wa Kwanza, wewe hujali. Nililichukua, somo yangu, wala sikulirudisha. Leo nalirudisha.

Ni mimi nduguyo, binti Zipporah,

Kanze wa Pili