Pale Mama Alipogeuka

Nangwa, Hanang
Jumapili, baada ya misa

Kwako kaka Joakimu,

Shikamoo kaka. Natumaini wewe, wifi Irene na watoto mnaendelea vizuri huko Dar. Sisi huku tunapumua. Ngano imekubali, ingawa upepo wa mlimani umeilaza ile ya upande wa Gendabi. Mimi ni mzima wa mwili. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu, maneno yakianza kuwa mazito, unasema mtandao unasumbua.

Televisheni uliyotuma ilifika salama. Binti yangu Judith aliifunga sebuleni, akachomeka ile flashi uliyohamishia sinema za Baba kutoka kwenye mikanda. Baba alivaa koti lake la kanisani. Majirani walikuja, hata mzee Gidamis alitoka Hirbadaw, maana utotoni aliziona sinema hizo Baba alipokuwa akizunguka na mashine ya misheni na kutundika shuka ukutani. Wamisionari walipoondoka walimwachia mashine na mikanda. Unajua alivyoipenda ile ya tarishi na punda mkaidi. Lakini kuliko zote aliipenda ile fupi ya mavuno, aliyoipiga padri mmoja hapa hapa Nangwa, ambamo marehemu mama anapita na mganda wa ngano kichwani.

Tarishi alipotokea watu walicheka kama zamani. Baba hakucheka. Aliuliza ni nani aliyezipaka rangi sinema zake za nyeusi na nyeupe. Judith akamweleza kwamba siku hizi kompyuta inapaka yenyewe. Kisha yakaja mavuno. Mama alitokea na kitenge cha kijani, uso umelainishwa mpaka amekuwa mweupe kama watu wa matangazo ya sabuni. Baba akasogeza kiti. Mama alifika kwenye ua, akaanza kugeuka, mara picha ikaruka, tukaona trekta. Baba akaomba irudiwe. Judith akarudia, ikawa vile vile. Mwishowe Baba akauliza taratibu, "Pale alipogeuka pamekwenda wapi?"

Ndipo nilipokupigia. Ulisema fundi wako alikata vipande vyenye mikwaruzo mingi kwa kuwa visingetazamika, na mikanda mliitupa kwa sababu ilikuwa inanuka kama siki. Ukasema tushukuru, sasa tuna kitu cha kisasa. Baba alikusikia, maana simu ilikuwa kwenye spika. Akasema, "Asante, mwanangu," akatoka kwenda kukaa zizini. Wageni wakaaga mmoja mmoja.

Kaka, pale palikuwa na mikwaruzo kwa sababu ndipo Baba alipoparudia kwenye mashine maisha yake yote. Aliniambia kesho yake, nilipompelekea uji. Mama alipogeuka alikuwa na mtoto mgongoni, na mtoto yule aliinua kichwa akaitazama kamera. Hakuwa mtoto wa jirani, kama tulivyodhani siku zote. Alikuwa Tito, kaka yetu, aliyezaliwa kabla yako na kufa kwa surua mwaka ule ule. Mama aliomba jina lake lisitajwe ndani ya nyumba, na Baba aliendelea kulishika ombi hilo hata baada ya kumzika mama. Picha nyingine ya mtoto huyo haipo. Nilimuuliza Baba alikuwa anafanana na nani kati yetu. Alikoroga uji mpaka ukapoa.

"Sikuwa nahitaji kukumbuka," akasema. "Nilikuwa nawasha mashine."

Amenikataza kukueleza haya. Anasema hukujua. Ni kweli, hukujua. Lakini hukuuliza pia. Uliibeba mikanda yake yeye akiwa shambani, ukaniambia mimi nimwambie kwamba unamwandalia zawadi, nami nikamwambia. Sasa televisheni imefunikwa kitambaa, na Baba anapita mbele yake bila kuitazama.

Ukija Noeli, njoo mikono mitupu. Ukae naye tu, na asipozungumza, usimlazimishe.

Msalimie wifi na watoto. Judith anakuamkia. Salamu za Baba sina, kwa sababu hajui kwamba nimekuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Gaudensia