Mvi Zilizomkimbiza Baba Anna

Jumanne, jua limeshazama

Salamu kwangu mwenyewe, na kwa Anna aliyelala, na kwa mbuzi wetu wawili, na kwa Baba Anna, mume wangu, ambaye bado yuko mgombani.

Asubuhi niliosha kichwa. Nimechoka kuzipaka mvi udongo mwekundu na mafuta ya kondoo. Ndama ananifuata kunilamba, na nzi ndio usiseme. Nikasema ngoja nizione zenyewe. Loo! Nyeupe kama kuta za boma la Wadachi. Nikaogopa. Baba Anna akiniona bibi kizee hivi, si ataleta mke mwingine?

Nikakaa nje kumenya ndizi, mgongo nimeupa njia. Akaja na ubavu wa mbuzi. Kuona kichwa cheupe, akadhani ni mama yangu amekuja kutoka Tengeru, na kwetu mwanamume hakutani na mama mkwe wake. Akaacha nyama, akatimka. Shuka alilovaa likanasa kwenye miiba, akaliacha.

"Ni mimi, mkeo!" nikaita.

"Shikamoo mama!" akajibu toka mgombani. "Ubavu ni wako, kula!"

"Baba, huyo ni mama!" Anna akacheka.

"Nyamaza! Mheshimu bibi yako!"

Miaka yote mimi napewa shingo. Leo nimekula ubavu wote, nikaumwaga udongo. Sipaki tena.

Shuka nimelitundika karibu na migomba. Sasa Baba Anna, niletee neno upesi: unarudi kwa mkeo mwenye mvi, au nikuletee na mto wa kulalia huko?