Papa, Nimefunga Madigadi Mengine

Papa,

Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka. Anayekukumbuka ni Mama. Anakaa jikoni na kitambaa chake cheusi kichwani, na kila akitia samaki chumvi lazima akutaje. Mimi nakuandikia kwa sababu bado nina hasira na wewe, na hasira hii siwezi kuitoa kwenye matanga mbele ya mashangazi. Jumapili Padri alikuombea misa. Alisema ulikuwa baba mwema, mvuvi hodari, mtu wa neno lake. Hapo kwenye neno lake nilitazama miguu yangu.

Basi nikupe habari. Baiskeli yako ina madigadi tena. Ndiyo, yale mabati ya kuzuia matope juu ya magurudumu, mbele na nyuma. Nimeyachagua mwenyewe, nimeyafunga mwenyewe, na wewe hukuwepo kuyang'oa.

Usijifanye umesahau. Nilipomaliza mafunzo ya kusaidia wakunga na kupata kazi hospitalini, Mama alikuomba uniachie baiskeli. Wewe uliitumia siku za soko tu, kupeleka samaki mjini, na kutoka kwetu penye maporomoko mpaka hospitali si mwendo wa mchezo. Ukasema, «Mutoto mwanamuke hapandake kinga. Iko aibu.» Kinga, ndivyo mnavyoiita baiskeli huku kwetu. Mama akamwita Padri. Mbele ya Padri ukawa mpole, ukatabasamu meno yote, ukamwambia, «Bon, mon père, achukue.» Kesho yake asubuhi nikaikuta baiskeli ukutani kama kuku aliyenyonyolewa. Ulikuwa umeyang'oa madigadi yote, umeyaponda kwa nyundo mpaka yakalala, na umeyapigilia ubavuni mwa mtumbwi penye ufa. Nilipouliza, ukajibu kwamba mtumbwi unavuja. Mtumbwi ule ulikuwa unavuja tangu sijaanza shule, Papa! Miaka yote hiyo ulikuwa unakumba maji kwa kopo na kuimba.

Ungesema hapana tu. Hapana ningepambana nayo. Lakini ulisema ndiyo kwa mdomo na hapana kwa nyundo, halafu ukakaa kungoja mvua ikufanyie kazi.

Kwa sababu ulijua. Ulijua gauni letu la kazi ni jeupe. Ulijua kwamba Ma Sœur, yule mtawa anayesimamia wodi ya wazazi, anasimama mlangoni kila asubuhi na kutugeuza mbele na nyuma kama vitambaa vya dukani. Chumba cha kubadilishia nguo kipo, ila ni cha wazungu. Sisi lazima tufike tumeshavaa. Na barabara yetu unaijua kuliko mimi. Mvua ikinyesha, udongo ule mwekundu unageuka uji, na gurudumu la nyuma lisilo na bati linaurusha moja kwa moja mgongoni mwa mtu. Nilijifunga gunia kiunoni. Gunia likalowa, likanichafua zaidi. Siku ya kwanza nilirudishwa nyumbani nikilia. Wewe ulikuwa unasuka mtego kivulini, ukanitazama, ukasema, «Nilisema.» Neno hilo moja, na ukaendelea kusuka.

Halafu kifua chako kikabana. Mdogo wako Tonton na Mama wakakupeleka hospitali jioni, kwenye mkokoteni wa samaki, ukalazwa wodi ya wanaume. Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi nilikanyaga pedali kama mwendawazimu, kwa sababu sisi wafanyakazi tunaruhusiwa kupita wodini kabla ya kengele ya kuanza kazi, na nilitaka nikuone kwanza. Nilifika matope yamenipanda mpaka shingoni. Ma Sœur akanyoosha mkono mlangoni. Nikamwambia baba yangu yumo ndani. Akasema wageni wanaingia saa kumi alasiri, na mfanyakazi mchafu si mfanyakazi. Nikarudi nyumbani, nikabadilisha nguo, nikatembea kwa miguu njia nzima nikiwa nimeshika pindo la gauni kwa mikono miwili. Nilipofika, kitanda chako kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Nesi wa wodi aliniambia uliniulizia. Ulisema, «Mutoto yangu iko wapi? Mbona anakawia?»

Nimejaribu kuusamehe ule mkono wa Ma Sœur, na siku nyingine naweza. Lakini wewe, Papa, ulithubutuje kuuliza? Nani aliyenikawiza? Ulilala pale ukiningojea, na madigadi yangu yalikuwa mtoni yanazuia maji! Hata sasa nikiandika haya nimeipiga meza ngumi, na Mama ananiuliza kutoka jikoni kuna nini.

Baada ya mazishi Ma Sœur aliniita. Alisema pole, akasema pia kwamba nikifika na matope mara nyingine, nisirudi tena. Wasichana wanaoitaka nafasi yangu ni wengi. Wiki hiyohiyo Tonton akaja kuichukua baiskeli. Unamjua mdogo wako. Aliishika usukani, akasema, «Mali ya kaka iko ya ndugu yake. Ndio desturi.» Nikamwambia sawa, Tonton, chukua, lakini basi wewe utakuwa unanipakia nyuma kila alfajiri mpaka hospitali. Alifikiri sana. Tonton na alfajiri hawajawahi kupatana. Akauachia usukani, akaomba chai.

Nilikwenda kwenye duka la Mgiriki karibu na soko. Akanitolea madigadi mafupi ya alumini, mepesi, yanayong'aa, akasema vijana wote wa cité, mitaa yetu Waafrika, wanayataka. Nikamwambia awapelekee hao vijana. Nilikuwa nimeshazitazama baiskeli za makarani pale langoni kwetu, nikajua ninachotaka: bati la chuma lililopakwa rangi nyeusi, pana kuzidi tairi pande zote mbili, maana tope halirushwi juu tu, linatoka na ubavuni. Na ya mbele yashuke chini sana, karibu na ardhi, kwa sababu gurudumu la mbele ndilo linaloosha viatu. Akapanda ngazi akiguna, akanishushia. Ya nyuma yalikuwa na vitobo vidogo pembeni, mstari mzima. Akasema ni vya kufungia wavu unaozuia gauni lisiingie kwenye spoku, ila wavu wenyewe hana. Nilicheka moyoni. Nani anamwambia binti wa mvuvi kwamba wavu hakuna?

Kuyafunga kulinitoa jasho. Vyuma vyake vya kushikilia vinakuja penye ekseli, na ukikaza upande mmoja kabla ya mwingine, bati linapinda na kulamba tairi. Niliacha nafasi ya vidole viwili juu ya tairi, kwani udongo wetu unaganda, na nafasi ikiwa ndogo unajaa na gurudumu linakwama. Bati lisigongane na chuma na kupiga kelele, niliweka vipande vya ngozi katikati. Ngozi nimeikata kwenye mkanda wako wa Jumapili. Mama alifunga mdomo kwa kiganja, lakini hakunizuia.

Wavu alisuka Tonton. Hakuombwa mara mbili. Nadhani aliona haya kidogo. Alileta zile kamba za msituni mnazosukia mitego, akaziloweka, akazipitisha kwenye vitobo, akazivuta mpaka zikalia. Kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Majirani walikuja kuitazama. Akaiacha baiskeli juani, akaenda zake kifua mbele. Jioni nikaisukuma, gurudumu la nyuma halikuzunguka hata kidogo. Kamba zilikuwa zimekauka, zimejikaza, zimelivuta bati mpaka limekalia tairi.

Ni ukoo gani mwingine ungefanya kosa kama hilo? Mitego yenu inaishi mtoni. Inasukwa mibichi, inazamishwa, inaozea majini. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuona kazi ya mikono yake ikikauka. Tonton alichuchumaa pale, akajaribu kulizungusha gurudumu, akajikuna kichwa, akasema, «Mais, ilikuwa muzuri!» kwa huzuni kama aliyefiwa mara ya pili. Nikacheka, Papa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Kisha nikajua ni nani angecheka kuliko mimi, angejipiga mapaja na kuisimulia hadithi hiyo mtoni mwaka mzima, na nikakukasirikia upya. Hukuwa na haki ya kutokuwepo.

Akazikata, akasuka tena kwa uzi wa nyavu, safari hii ameulegeza. Mimi nikalinyoosha bati kwa magoti.

Leo mvua imenyesha tangu alfajiri. Nikapanda. Wanawake wanaokwenda sokoni walipiga yowe, «Muone, mwanamuke ya kinga!» na mmoja akanipungia mkono. Tope lilikuwa linapiga chini ya bati, tapu tapu tapu, na kwangu halikufika. Ma Sœur alinigeuza, akashika pindo, akatafuta. Akasema «Bien», akanipisha.

Kengele ilikuwa bado. Miguu ikanipeleka wodi ya wanaume kabla sijaiuliza. Kwenye kitanda chako amelala mzee mmoja kutoka kijiji cha Bengamisa, mgongo wote mifupa, kiu imemshika. Nikamnywesha maji. Nikakaa naye. Nikamgeuza mto. Kengele ikawa bado, Papa. Muda ulikuwepo, muda mzuri kabisa, wa kukaa na mtu na kumshika mkono. Wewe ndiye uliyekosekana.

Mzee aliniuliza mbona nalia, nikamwambia ni mvua.

Basi, nakuaga. Sikuambii ulale kwa amani, sijafika huko. Kila asubuhi kabla ya kengele nitapita wodi ile, na mtu akimwulizia mtoto wake, nitakaa naye mpaka afike. Hilo nakuahidi. La pili ni hili: Mama anakuambia kwenye sala kwamba nimekusamehe, na Padri naye ameshasema hivyo kanisani. Usiwasikilize. Siku nikiweza, nitakuja kaburini kukuambia mwenyewe.

Binti yako,
Veronika