Shimo la Mpakani

Jumanne

Lori la kiwanda cha chai limerudi tena bila kufika kwetu. Shimo la barabarani liko kati ya shamba langu na la jirani yangu Arap Koech, na kila mmoja anangoja mwenzake alijaze. Majani ya chai ya leo yameharibika.

Mchana nilimweleza mjukuu wangu Chebet kwa nini mataifa hushindana: kila moja huogopa jirani atafaidi zaidi. Hushirikiana tu hasara ikizidi hofu. Nilieleza vizuri.

Mke wangu akauliza kutoka jikoni, "Na wewe, Mzee, ni taifa gani?"

Ukweli ni kwamba naogopa Koech atapita bure juu ya mawe nitakayojazia shimo, akicheka.

Lakini chai ya kesho pia itaoza. Asubuhi nitaenda shimoni na jembe na koleo. Akija kunicheka, nitampa koleo.