Nime na Sija

Jumatatu, 3 Juni
Daftari ni la mjukuu, kaliacha nusu. Sasa ni langu! Miezi kumi ya darasa la watu wazima, naweza kulijaza. Baba watoto kanicheka tena: samaki mkunje angali mbichi. Nikamwambia mimi si samaki, na chai ajichemshie mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni
Mwalimu – umri wa kitinda mimba wangu, lakini sauti! – katuuliza tunasomea nini. Fundi bomba: asome maelekezo ya mashine. Bibi Miwani: asome barua za mwanawe bila jirani kujua siri zake. Mimi nikasema nimechoka kuweka dole gumba. Wakacheka. Mwalimu hakucheka. Kasema hapa hatusomei cheti, tunasomea kujisemea. Limenikaa hilo.
Kisha nime na sija. Nimefika, sijafika. Fundi bomba kaandika "simefika". Mwalimu kamuuliza: sasa umefika au hujafika? Mbavu sina!

Ijumaa, 14 Juni
Kazini, chumba cha kufulia. Msimamizi kaleta karatasi za kila mwezi, kila mtu na yake. Huzikunja, tunaona pa kuweka dole tu. Ni mahudhurio, husema. Leo nimeikunjua. Kidole chini ya neno, polepole. Ni-me-po-ke-a. Nimepokea glavu na buti.
Nani? Lini? Miaka sita mikono inababuka kwa dawa ya madoa! Na dole ni langu, kila mwezi. Hasira. Aibu pia, nisijidanganye. Nikasema kichwa kinauma, nitaweka Jumatatu.

Jumamosi, 15 Juni
Nikamuuliza mwalimu nifanye nini. Naye kaniuliza tu: ukweli wako ni nime au ni sija?

Jumatatu, 17 Juni
Niko kwenye benchi, nje ya ofisi ya meneja. Asubuhi msimamizi kanisogezea wino: mama, dole. Nikaomba kalamu. Nikakata "nime", juu yake nikaandika "sija". Herufi zimepinda, lakini zinasomeka. Chini nikaandika jina langu, lote. Msimamizi kaduwaa! Kisha kaibeba kwa meneja, nami kaniambia nikae hapa nisubiri kufukuzwa.
Siogopi. Haya, kidogo.
Mpiga pasi kaja mbio, karatasi yake mkononi. Huyu darasa hulicheka kuliko baba watoto. Ananong'ona: dada, hiyo sija inaandikwaje?
Meneja ananiita. Angoje kidogo, namwandikia mwenzangu hapa pembeni –