Maandishi ya Maji Niliyoyafuta Doha

Neema mjukuu wangu,

Huku hatujambo, goti la babu yako limetulia na ng'ombe amezaa. Umeniuliza ni kwa nini uchore kila siku halafu ufute.

Nilipokuwa nikisafisha hoteli kule Doha, nilikuta maji sakafuni nikapiga deki. Kumbe yalikuwa maandishi! Msanii mmoja, mama Mkorea, alikuwa akizoeza mkono kwa brashi na maji. Nikajua kazi yangu imeisha, nitafukuzwa. Akacheka tu, akaandika tena, yakakauka, akaandika tena.

Jioni akachovya wino, akaandika neno moja ukutani bila kusita. Video ya mawimbi ikamulikwa juu ya neno hilo, likaanza kupumua. Nilisahau kufunga mdomo, Neema. Maji yote niliyoyafuta yalikuwa pale ukutani.

Nyanyako