Ukurasa wa Mwisho Ninao Mimi

Chumba cha Kushonea,
Ghorofa ya chini, nyuma ya soko.
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako, na ukae kitako kwanza maana leo ninayo mengi. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Na mgongo wako, bado unakusumbua ukitoka zamu ya wodini, au umeshapata viatu vya maana? Sisi huku wazima, ila macho yangu yameanza kunikataa kwenye tundu la sindano. Nimenunua miwani. Nikiivaa, hata wateja walionizidi umri wananiamkia.

Mama anakula vizuri na analalamika vizuri, kwa hiyo ujue ni mzima. Cherehani kubwa nimeibadilisha mkanda, sasa inakwenda kimya mpaka nasikia majirani wakisengenyana.

Barua yako ilifika Jumanne. Nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekasirika. Nusu ya kwanza unanisalimia, nusu ya pili yote ni wifi. Wifi kasema, wifi kaona, wifi ana jicho la msomaji. Mdogo wangu, mimi na wewe tunasoma nakala moja tangu tulipokuwa tunalala kitanda kimoja. Unamaliza wewe, unanipa mimi, na kila mtu anaandika maoni yake kwa penseli kwenye karatasi tupu ya nyuma. Vitabu thelathini na moja viko hapa chini ya meza yangu ya kukatia. Katika vyote hivyo hujawahi kuniambia nina jicho la chochote.

Sisemi kaka yetu alioa vibaya. Mkewe ni mtu wa watu, anapokea wagonjwa pale zahanati na hakuna anayetoka amenuna. Lakini uliponitumia kile kitabu cha mwanamke fundi saa, ukaandika nimpe wifi aanze, maskini, kavunjika mguu na hana la kufanya, nilikitupa juu ya meza ya kukatia. Kitabu cha thelathini na mbili, na mimi nimegeuzwa tarishi.

Sasa nikuambie nililofanya, maana limenikaa kifuani wiki sita.

Nilikisoma kwanza mimi, siku mbili, wateja wakisubiri. Nilikipenda mno, na hapo ndipo wivu uliponipanda kichwani. Nikachukua ule wembe wa kufumulia mishono, nikaukata ukurasa wa mwisho wa hadithi. Karatasi moja tu. Unaujua mkono wangu, hata aliyekichapa asingegundua. Pale mume aliyepotea miaka kumi na tisa anapobisha, yule fundi saa anavua miwani, anaweka mkono juu ya komeo. Nukta. Yaliyobaki, mume kuingia, kulia, kusameheana, chai, nikayatia ndani ya kopo la vifungo. Nikampelekea wifi kitabu pamoja na mfuko wa machungwa, uso mkunjufu kabisa. Nilitaka akione hakina kichwa wala miguu, akuambie hakimfai, nawe urudi kwangu.

Siku ya tatu akaja na magongo yake mpaka hapa dukani, kitabu mkobani, macho mekundu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniuliza, "Wifi, wewe ungefungua?"

Nikajifanya natafuta uzi. Yeye akasema hangefungua. Halafu akasema angefungua, ila angemwacha asimame kwanza kidogo. Halafu akasema anamshukuru mwandishi kwa kumwachia pale, maana tangu juzi ameusahau hata mguu wake. Jioni ilipofika alikuwa bado anazungumza. Nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja kwa kumsikiliza, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mazungumzo yalikuwa matamu.

Kumbe akakuandikia hayohayo. Nawe ukadhani amekisoma chote, kisha kwa busara zake akaona ule ukurasa wa mwisho haukuhitajika. "Kitabu kinaishia kwenye komeo, dada, na sisi wawili hatukuliona hilo." Maneno yako hayo. Ukamalizia kwamba kuanzia sasa vitabu viende kwake kwanza, na yeye ndiye awe anatuchagulia. Hapo niliweka mkasi chini.

Wifi hakuona kitu, mdogo wangu. Wifi alisoma kilichokuwepo. Karatasi yenyewe hii hapa, nimeikunja ndani ya barua, utaiona alama ya wembe kwa macho yako. Ukitaka kumwambia, mwambie. Mimi mara mbili nimefika mpaka mlangoni kwake, na mara mbili nimerudi.

Nimekosa, na aibu ninayo. Ila kuna jambo moja sikubali. Jana kabla ya kuikunja hii karatasi niliisoma tena, polepole. Yule mume anaongea mno. Kila mtu analia pale anapotakiwa kulia, kila kitu kimepigwa pasi. Ni kweli haihitajiki. Nguo ikizidi urefu inapunguzwa, na kitabu kile kilizidi kwa karatasi moja. Basi zile sifa zote ulizommwagia wifi, zilete huku. Aliyejua pa kukata ni mimi. Jicho ninalo, hata kama siku ile lilikuwa la kijicho.

Nisalimie shemeji na watoto, hasa yule Mzee wa Maswali, umwambie suruali yake iko tayari. Mama anakusalimu, kaka anakusalimu. Wifi naye anakusalimu, ingawa nina hakika salamu zake zilikufikia kabla ya zangu. Mungu akupe zamu nyepesi, mgongo ulionyooka, na usingizi wa kutosha.

Cha thelathini na tatu nitumie mimi kwanza. Wifi nitampa kikiwa kizima, kurasa zote. Akikuambia mwisho wake haukumpendeza, ujue amekosa fundi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kupita kiasi,
Mama Sindano